Jina la Ukoo Si Lazima Liwe la Bwana Wake: Dhana Potofu Kuhusu Askari Waliokuwa Watumwa

Karibu kila anayenijia na jina la babu wa babu wa mkewe, aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, huwa ameshaimaliza kazi kichwani. Askari aliitwa, tuseme, Washington. Katika wilaya aliyozaliwa kulikuwa na Mzungu mwenye shamba, naye Washington. Basi huyo ndiye bwana wake, hakuna ubishi, mimi mtafiti wa nasaba kazi yangu ni kugonga muhuri tu. Wamarekani Weusi wananiambia hivyo, na ndugu zetu Watanzania na Wakenya waliooa kule wananiambia hivyo hivyo. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Wapo waliobeba jina la bwana, sikatai. Lakini bwana yupi? Mtu aliyeuzwa mara tatu amepita mikononi mwa mabwana kadhaa, na jina analolishikilia huweza kuwa la yule wa zamani kabisa, aliyemmiliki hata babu yake, kwa kuwa ndilo ndugu zake waliotawanywa wangemtambua kwalo. Wengine walichukua jina la baba aliyekuwa mtumwa wa shamba la jirani. Wengine walijichagulia tu baada ya uhuru. Na wako walioandikishwa jeshini kwa jina moja, wakarudi uraiani na jingine. Ajabu ni kwamba sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu jina la mwisho ni la baba na mjukuu ana lake tofauti, ndio tunaong'ang'ania kwamba jina la Mmarekani Mweusi wa mwaka 1865 lilichongwa kwenye jiwe.

Mchukue Nelson Davis, mume wa pili wa Harriet Tubman, yule mwanamke mashuhuri aliyetoroka utumwani kisha akarudi kuwatorosha wengine. Alitoroka utumwani North Carolina, akaingia Kombania G ya Rejimenti ya 8 ya Wanajeshi Weusi wa Marekani, rejimenti iliyoumizwa vibaya huko Olustee, Florida, Februari 1864. Ukimtafuta Nelson Davis katika karatasi za kombania ile humpati. Yuko Nelson Charles. Charles lilikuwa jina la bwana wake, Davis la baba yake, na ni kwa hilo la baba alifunga ndoa Auburn, New York, mwaka 1869. Alifariki 1888. Tubman alipoomba pensheni ya mjane chini ya sheria ya 1890, maofisa walimtaka athibitishe kwamba Charles na Davis ni mtu mmoja. Viapo vikaliwa, mashahidi wakaletwa, na ni mwaka 1895 tu ndipo alipokubaliwa dola 8 kwa mwezi. Alisumbuliwa bila huruma, lakini maelezo aliyolazimishwa kuyatoa ndiyo yanayotuwezesha leo kujua majina mawili yalitoka wapi. Sasa fikiria mtafiti anayezunguka North Carolina akimsaka Mzungu aitwaye Davis. Angezunguka mpaka azeeke.

Kwa hiyo acha jina, shika rejimenti na kombania. Faharasa ya pensheni iliyopangwa kwa vikosi inaonyesha wanaume wa kombania moja wakiwa pamoja, na lakabu zao zikiwa pembeni. Ukishampata, agiza faili zima la pensheni kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Washington. Ninasema la pensheni! Watu hujaza fomu namba 86, ya rekodi za utumishi, wakapata kadi chache zilizonakiliwa na makarani wa Wizara ya Vita miaka mingi baada ya vita, kisha wakalalamika kwamba babu hana habari. Fomu ya pensheni ni namba 85. Faili lake huweza kuwa na kurasa mia na zaidi, kwa sababu ombi likitiliwa shaka, ofisi ya pensheni ilimtuma mkaguzi maalumu hadi kijijini kuwahoji watu kwa kiapo: ulizaliwa wapi, ulikuwa wa nani, nani alikuuza, nani alikua nawe, mkeo ulimpataje. Hapo bwana anatajwa kwa jina, na mtumwa wa zamani ndiye anayemtaja.

Na usiishie kwenye faili lake peke yake. Huu ndio wimbo wangu, wateja wananikimbia kwa ajili yake: agiza pia mafaili ya wenzake walioandikishwa siku ileile mahali palepale. Mara nyingi walitoroka pamoja kutoka shamba moja, na walipozeeka walitoleana ushahidi. Nimeshaona babu anayefichika kabisa katika faili lake akaelezwa kwa kirefu katika faili la jirani. Mtu yuko tayari kulipia tovuti mwaka mzima ili anakili mti wa familia uliochorwa na mgeni asiyemjua, lakini akiambiwa alipie mafaili matatu anaona anaibiwa.

Soma kwa tahadhari lakini. Maneno yanamfikia msomaji kupitia mkono wa karani, askari akaweka alama ya X, na wakaguzi wengi walikuwa na chuki zao kuhusu nani ni shahidi wa kuaminika.

Dhana ya pili inahusu maneno "huru kufikia Aprili 19, 1861" yanayoonekana kwenye kadi za utumishi. Watu wanayasoma wanashangilia: kumbe babu hakuwa mtumwa! Polepole. Maneno hayo yalihusu mshahara. Askari wa kawaida Mzungu alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa 10, zikakatwa 3 za nguo. Juni 1864 Bunge likasawazisha malipo, ila malimbikizo kamili tangu siku ya kuandikishwa yakawekewa sharti kwamba mtu awe alikuwa huru tarehe hiyo. Kanali Edward Hallowell wa Rejimenti ya 54 ya Massachusetts akatunga kiapo kilichomwezesha askari kuapa kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumfanyisha kazi bure. Aliyeamini kwamba mbele ya Mungu hakuna binadamu aliyewahi kuwa na haki hiyo aliapa kwa moyo mweupe. Alama ile basi inakuambia aliapa. Kujua kama kweli alizaliwa huru, tafuta ushahidi mwingine.

"Mjane hakuwa na cheti cha ndoa, kwa hiyo hana faili." Kinyume chake. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa kisheria, na Bunge lililijua hilo: tangu 1864 mjane wa askari Mweusi aliweza kuthibitisha ndoa kwa mashahidi waliowajua wakiishi kama mume na mke. Kukosekana kwa cheti ndiko kulikowaleta wakunga na watumwa wenzake kueleza nani alizaliwa lini. Mafaili ya wajane nayapenda kuliko ya askari wenyewe.

"Kabla ya sensa ya 1870 hakuna kitu." Ni kweli kwamba ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina waliotoka utumwani, na kwamba orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida hutaja bwana tu, kisha umri, jinsia na rangi ya mtumwa. Lakini Benki ya Akiba ya Watu Walioachwa Huru, iliyodumu kuanzia 1865 hadi 1874, iliuliza wateja majina ya wazazi na ndugu, na mara nyingine rejimenti na bwana wa zamani. Pia katika majimbo ya mpakani, yaani yenye utumwa lakini yaliyobaki upande wa serikali, kama Maryland na Missouri, mmiliki mtiifu kwa serikali aliruhusiwa kudai fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa aliyeingia jeshini, akileta uthibitisho wa umiliki. Karatasi hizo huwa ndani ya faili la utumishi la askari. Bwana kajitaja mwenyewe, kwa tamaa ya fedha.

"Yote yaliungua." Moto wa 1973 katika hifadhi ya rekodi za jeshi mjini St. Louis uliteketeza sehemu kubwa ya rekodi za walioacha jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960. Hauhusiki hapa kabisa. Sensa ya 1890 ndiyo iliyoharibika kwa moto wa 1921, lakini orodha yake ya pekee ya maveterani na wajane imesalia kwa majimbo yanayoanzia katikati ya Kentucky kwenda mwisho wa alfabeti.

La mwisho, ambalo huulizwa na watu wa kwetu tu: faili litasema alitoka sehemu gani ya Afrika? Safu ya mahali pa kuzaliwa kwa kawaida inasema Virginia, Kentucky, Louisiana. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku 1808, hivyo kijana wa miaka 20 mwaka 1864 kwa kawaida alikuwa mjukuu wa waliovuka bahari, au kitukuu. Wako wachache kama Nicholas Said, mzaliwa wa Borno, katika Nigeria ya leo, aliyehudumu Rejimenti ya 55 ya Massachusetts, lakini habari zake tunazijua hasa kwa kuwa aliziandika mwenyewe. Anayeniuliza kama babu wa mkewe alitoka Kilwa, simjibu. Nampa fomu namba 85.