Je, wajua kwa nini Waslavi walimwita mtoto "Si Mzuri"?

Nekrasov ni jina la ukoo linalofahamika sana Urusi, na chimbuko lake ni Nekras, jina la kale la mtoto wa kiume lenye maana ya "asiye mzuri wa sura". Mzazi aliyelichagua hakumchukia mwanawe. Waslavi wa kale, wahenga wa Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na jamaa zao, waliamini kwamba husuda na pepo wabaya huwaandama watoto wanaopendeza, hivyo jina la kukinaisha lilikuwa kinga. Ndiyo maana walikuwapo pia akina Nezhdan, yaani "asiyetarajiwa", na Nemil, "asiyependwa".

Kinga nyingine ilikuwa ya kutisha. Vuk Karadžić, mwanachuoni aliyeisanifu lugha ya Kiserbia, alizaliwa mwaka 1787 baada ya ndugu zake waliomtangulia kufariki wakingali wadogo. Wazazi wake wakampa jina Vuk, maana yake mbwa mwitu, kwa kuwa iliaminika kwamba wachawi wanaokula watoto hawathubutu kumgusa mnyama huyo. Mtoto aliishi hadi uzeeni, na Waserbia wanalitumia jina hilo mpaka leo.

Watawala nao walipendelea majina ya kuunganisha mashina mawili, ambayo yalibeba matumaini ya ukoo kwa mtoto. Shina la "slava" ni utukufu: Bolesław wa Wapolandi ni mwenye utukufu uliozidi, na Yaroslav huunganisha utukufu na ukali au nguvu. Bogdan ni aliyetolewa na Mungu. Vladimir hufasiriwa na wengi kuwa mtawala wa amani au wa dunia, lakini katika umbo lake la kale sehemu ya pili ilimaanisha ukuu na umashuhuri, na kwa maoni yangu maana hiyo ndiyo inayomfaa zaidi mtoto wa mfalme.

Kwa nini basi Vladimir wapo tele ilhali Nekras amebaki katika majina ya koo tu? Jibu limo katika ubatizo. Mkuu Vladimir wa Kiev alipobatizwa mwaka 988 alipewa jina la Kigiriki, Vasily, na mwanawe Yaroslav akabatizwa Georgiy, kwani kanisa lilitaka mtoto apewe jina la mtakatifu. Kwa karne kadhaa watu waliishi na majina mawili, moja la nyumbani na moja la kanisani, hadi majina ya kigeni yaliposhinda: Ivan lilitoka katika Kiebrania, na Natalya, ambalo kifupi chake Natasha kimefika hata kwa wasichana wa Afrika Mashariki, lilitoka katika neno la Kilatini la kuzaliwa kwa Kristo. Vladimir, hata hivyo, alitangazwa mtakatifu, na jina lake la kuzaliwa likaingia katika kalenda ya kanisa. Huko Poland, Stanisław lilipata heshima kama hiyo kupitia askofu wa Kraków aliyeuawa mwaka 1079. Nekras hakuwa na mtakatifu wa kumtetea.

Svetlana, lenye asili ya neno la nuru, lina historia ya pekee. Si jina la kale kama wengi wanavyodhani, kwani lilibuniwa na washairi, na lilivuma kutokana na utenzi wa Vasily Zhukovsky uliochapishwa mwaka 1813. Kwa kuwa halikuwamo katika kalenda ya kanisa, ni wazazi wachache waliolitumia hadi mapinduzi ya 1917, ambayo yaliondoa uandikishaji wa watoto mikononi mwa mapadri. Wapo wakati huo waliobuni hata Ninel, ambalo ni Lenin likisomwa kinyumenyume, lakini Svetlana ndilo lililoenea nchi nzima, na binti wa Stalin aliyezaliwa mwaka 1926 aliitwa hivyo. Kanisani, mwenye jina hilo amezoeleka kubatizwa Fotina, jina la Kigiriki ambalo nalo limetokana na nuru.