Baada ya Kiharusi: Cha Kuuliza Wodini na Cha Kuendeleza Nyumbani

Familia nyingi, Unguja na Pemba, huona tiba ya kiharusi imekwisha siku mgonjwa anaporuhusiwa. Dawa anazo, presha imeshuka, kilichobaki ni dua na mapumziko. Dua iendelee. Mapumziko ya kushinda kitandani ndiyo yanayomharibu: viungo hukaza, misuli hunywea, kifua hujaa. Miezi mitatu ya mwanzo ndipo mwili hurejesha mengi kwa haraka zaidi, na hurejesha kwa kutendeshwa kazi.

Kwa hiyo kabla ya kutoka Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee au hospitali yoyote alikolazwa, ulizeni huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha kukaa, kusimama na kutembea. Mtaalamu wa tiba ya shughuli, akiwepo, humrudisha kwenye mambo yake ya kila siku: kuchukua udhu, kuvaa, kula kwa mkono wake. Muuguzi hushika ngozi, dawa na mpira wa mkojo. Atakayemuuguza nyumbani aombe afanye mwenyewe kila zoezi mbele ya mtaalamu, maana kutazama tu hakutoshi.

Ombeni pia apimwe kumeza kabla ya kupewa chochote mdomoni. Watu hudhani kinywaji chepesi ndicho rahisi: chai, maji ya dafu, supu. Kwa aliyepooza koo ni kinyume chake. Maji hukimbia kabla koo halijajifunga, yakaingia mapafuni. Dalili ni kukohoa, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, na chakula kubaki shavuni upande dhaifu. Wengine hupaliwa bila hata kikohozi, na homa ya mapafu ndiyo hutoa habari. Mkiambiwa alishwe vizito, basi uji mzito au boga lililopondwa laini, kwa kijiko cha chai. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, na asilazwe mpaka ipite nusu saa.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Mlazeni ubavu kidogo, mgongo umeegemea mto, na mto mwingine chini ya ndama ili visigino visiguse godoro. Godoro la sufi lililogandamana lina mabonge, na hapo ndipo vidonda huanzia. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu tu: paguseni kwa mkono mtafute joto, ugumu au weusi uliozidi, hasa juu ya makalio, nyonga na visigino. Pakiwa hivyo pasikandamizwe wala pasisuguliwe.

Kuchua ni jambo letu la asili, na kwa mkono mwepesi wenye mafuta ya nazi humliwaza mgonjwa. Hatari ipo kwenye mafuta makali. Mafuta ya karafuu au ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yasiyochanganywa huunguza, na upande uliokufa ganzi hautasema. Maji ya moto ya kukanda nayo yana madhara hayo hayo. Mkono uliopooza usivutwe kamwe, hata wakati wa kumvisha kanzu, kwani bega lisiloshikwa na misuli huteguka kidogo kidogo na maumivu yake hukaa miezi. Akikaa, mkono upakatwe juu ya mto.

Kumhamisha kitini, wekeni kiti upande wake mzima, breki zimefungwa. Aje ukingoni, miguu ikanyage chini, ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo anyanyuke. Zuia goti lake dhaifu kwa goti lako. Mshike kwa kanga iliyosokotwa na kufungwa imara kiunoni, si kwa makwapa. Akianza kutembea, bakora hushikwa mkono mzima, urefu wake ufike kifundo cha mkono akiwa amevaa viatu.

Swala ya kukaa ni zoezi zuri mno. Kuinamia rukuu na kurudi wima hufundisha kiwiliwili kujishika. Wiki za mwanzo mtu akae karibu naye upande dhaifu.

Nyumbani, ngazi ya barazani yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180, la sivyo kiti cha magurudumu humshinda msukumaji na kurudi nyuma.

Mrudisheni hospitali mara moja akipindika uso au kupotewa na maneno upya, akipata homa na kikohozi, au ndama moja ikivimba na kuuma. Ndama hiyo msiichue hata kidogo: huenda mna damu iliyoganda, na kuikamua kunaweza kuipeleka kwenye mapafu.