Je, wajua kwa nini s1mple, pamoja na shabaha yote ile, alifika miaka 24 ndo akabeba Major?

Wanaofuatilia Counter-Strike, lile gemu la kompyuta la timu mbili za watu watano watano wanaopigana risasi, wanalijua hili bishano, likianza haliishi. Mmoja anasema s1mple ndo mchezaji bora kuwahi kushika mausi, mwingine anamuuliza sawa, kama alikuwa bora hivyo tangu akiwa dogo wa miaka 18, mbona Major yake ya kwanza kaja kuibeba 2021 akiwa na 24, zaidi ya miaka mitano tangu aingie timu ya Natus Vincere? Na hilo swali ni la haki kabisa. Major ndo shindano kubwa kuliko yote kwenye huu mchezo, linabeba jina la Valve wenyewe wenye gemu, na kuna watu wenye mkono wa kawaida tu ukilinganisha na wake walishazibeba mbili tatu wakati yeye anaishia fainali.

Mimi nimerudia mechi zake nyingi sana, za zamani na za karibuni, na ninachokiona ni kwamba mkono alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Kilichomchukua muda ni kujua kuondoka. Yaani umeshaua mmoja, damu imechemka, unajua wa pili yuko palepale na unajua kabisa unamuweza, alafu unaamua kurudi nyuma. Inaonekana kitu kidogo ila ngoja nieleze.

Anza na Cologne, Julai 2016. Oleksandr Kostyliev, ndo s1mple mwenyewe, kijana wa Kyiv, Ukraine, anachezea Team Liquid ya Marekani, nusu fainali ya Major dhidi ya timu ya fnatic, ramani, yaani uwanja wa kuchezea, ni Cache. Kabaki peke yake dhidi ya wawili, mkononi ana AWP ile bunduki kubwa ya snaipa, yuko juu pale kwenye kambi ya B, moja ya sehemu mbili za kutegea bomu. Anaruka chini, na akiwa bado hewani anafyatua bila kufungua darubini, wa kwanza anaanguka. Anatua, anageuka, anafyatua tena bila darubini, wa pili naye chini. Valve baadaye wakachora ukutani ndani ya ramani yenyewe kukumbuka hiyo raundi. Kama hujaiona katafute, ni sekunde chache tu.

Sasa ili uelewe ile kitu ni ya ajabu kiasi gani inabidi ujue AWP inavyofanya kazi. Kwenye Counter-Strike risasi haiendi palipo macho yako tu, inategemea miguu yako inafanya nini. Ukitembea risasi inatawanyika, ukiruka ndo mbaya zaidi, na AWP bila darubini haikupi hata ile alama ya kulengea katikati ya skrini, unakisia. Kwahiyo bahati ilikuwepo kwenye risasi ya kwanza, siwezi kukudanganya, hakuna binadamu anayeidhibiti risasi ya hewani. Lakini angalia ya pili. Mtu mwingine yeyote angetua, akafungua darubini, akalenga. Yeye aliona umbali ni mfupi na darubini ingemla muda na kumfinyia macho, akaamua hapohapo kutoifungua. Huo ni uamuzi, tena uamuzi wa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hiyo ndo iliyokuwa Liquid ya s1mple, alikuwa anabeba bunduki yoyote, anaingia mlango wowote, kila mpambano anautaka yeye. Walifika fainali ya pale Cologne na SK Gaming wakawafunga. Miezi michache nyuma kwenye Major ya Columbus walikuwa wanaongoza 15-9 dhidi ya timu ya Luminosity kwenye ramani ya Mirage, yaani raundi moja tu imebaki, coldzera wa Luminosity akaua wanne kwa AWP, wawili kati yao akiwa anaruka, Luminosity wakaamka na mechi ikawaponyoka Liquid. Kila nikiiangalia ile mechi naona timu yenye mikono mizuri ambayo hakuna anayeipunguza kasi.

Agosti 2016 anaenda Natus Vincere, ambao wengi tunawaita NaVi. Na hapa kuna kitu watu wanakisahau: pale kulikuwa tayari kuna snaipa, tena mmoja wa wakali wa enzi hizo, Ladislav Kovács anayeitwa GuardiaN. Kwahiyo mwaka wake wa kwanza s1mple alikuwa zaidi mtu wa raifo, zile bunduki za kawaida kama AK na M4, AWP anaipata kwa zamu. GuardiaN anaondoka kwenda timu ya FaZe mwaka 2017, na Zeus, kapteni wa zamani wa NaVi aliyekuwa ametoka kubeba Major ya Krakow na timu ya Gambit, anarudi nyumbani. Kuanzia hapo AWP inakuwa ya s1mple, na mimi naamini ile bunduki ndo ilimlea.

Iangalie kwa pesa. Counter-Strike ina uchumi ndani yake, kila raundi mnanunua silaha kwa pesa mlizopata. AWP inauzwa dola 4,750 za ndani ya gemu, AK-47 ni 2,700. Ukiua mtu kwa AK unalipwa 300, ukiua kwa AWP unalipwa 100 tu. Kwahiyo snaipa ni mzigo kwa timu, anakula nyingi na kurudisha kidogo, na akifa mapema ile bunduki inabaki sakafuni au mbaya zaidi adui anaiokota. Mtu wa raifo akifa baada ya kuua mmoja tunasema sawa, moja kwa moja, mwenzake nyuma atamlipizia. Snaipa akifa baada ya kuua mmoja timu imepata hasara ya raundi mbili. We fikiria dogo aliyezoea kukimbilia kila mpambano anapewa silaha ambayo kila kifo chake kinawafilisi wenzake wanne!

Alafu kuna ufundi wenyewe. AWP inaua kwa risasi moja popote isipokuwa miguuni, lakini baada ya kufyatua inabidi usubiri karibu sekunde moja na nusu ndo ifyatue tena, na hiyo sekunde moja na nusu kwenye mchezo huu ni umri mzima. Ukikosa umekufa. Ukipata na wako wawili, wa pili anakumaliza wakati unavuta komeo. Ndo maana masnaipa wengi wa zamani walikuwa wanakaa mbali, darubini wazi, wanalinda kona moja na kusubiri. Na Valve mwaka 2015 walishapunguza mwendo wa mtu anayetembea akiwa amefungua darubini, watu wakasema basi, snaipa wa kushambulia kafa.

s1mple akaizunguka hiyo kwa namna yake. Anatembea darubini ikiwa imefungwa, kwa mwendo wa kawaida wa bunduki, anafika kwenye kona, anasimama kabisa, na hapohapo anafungua na kufyatua, vyote kama tendo moja. Hapa anatumia pia faida ya intaneti yenyewe, maana taarifa inachukua muda kufika kwenye seva na kurudi, kwahiyo anayechungulia anamuona aliyetulia kabla aliyetulia hajamuona yeye. Ni tofauti ndogo mno, lakini binadamu kuitikia kitu akionacho kunachukua kama sehemu ya tano ya sekunde, ukimnyang'anya kipande kidogo tu cha hapo ameshachelewa. Adui anayelinda kona anajikuta yeye ndo anayewindwa.

Ila kitu cha kutazama siyo ile risasi. Siku ukirudia mechi zake, ukiona kaua, usishangilie, angalia miguu yake sekunde mbili zinazofuata. s1mple wa 2016 anabaki, anataka wa pili. s1mple wa baadaye risasi ikitoka tu tayari anabadilisha kwenda bastola au kisu maana ukiwa na kisu unakimbia haraka zaidi, anapotea nyuma ya ukuta, anatokea upande mwingine kabisa ambako hakuna anayemtegemea. Adui wanatupa mabomu ya moshi na fleshi, yale ya kupofusha macho, kwenye kona ambayo ameshaihama zamani. Raundi nzima wanacheza dhidi ya kivuli.

Na bado kujifunza hivyo hakukutosha, hapa ndo wanaobishana kwa namba huwa wanapotea. Mwaka 2018 HLTV, ile tovuti inayofuatilia takwimu za mchezo huu, walimtaja mchezaji bora wa dunia. NaVi wakabeba ESL One Cologne mwaka huohuo, ila mwaka ule haikuwa Major. Lakini Septemba pale London kwenye fainali ya Major, timu ya Astralis wakawafunga ramani mbili bila. Astralis walikuwa hawamkimbilii s1mple, walikuwa wanamuacha. Wanatumia mabomu ya moshi kumfungia upande wake, wanaenda kupambana na wale wengine wanne, alafu mwisho anabaki yeye peke yake dhidi ya watatu, bomu limeshategwa, saa inahesabu. Hata uwe na mkono wa chuma, ukiachiwa hesabu kama hiyo kwenye raundi nane kati ya kumi, utapoteza nyingi. Mwaka 2019 na 2020 nafasi ya kwanza ya HLTV ikaenda kwa ZywOo wa Ufaransa, s1mple wa pili mara zote mbili.

Kilichokuja kubadilisha mambo kilikuwa ni watu waliomzunguka. Zeus alistaafu 2019, kocha B1ad3 akawa anajenga timu yenye mpangilio, Boombl4 akawa kapteni, na huyo hakuwa kapteni wa kukaa nyuma kutoa amri, alikuwa anaingia mwenyewe mbele. Perfecto akaja mwanzoni mwa 2020 kufanya kazi ambazo hakuna anayezipigia makofi, kulinda kambi peke yake, kuwarushia wenzake fleshi, kufa mahali panapostahili. electroNic tayari alikuwepo, raifo ya daraja la juu. Na 2021 wakampandisha b1t kutoka kikosi chao cha vijana, miaka 18, dogo wa hedishoti, risasi za kichwa, ambaye ukimuacha kama Astralis walivyowaacha wale wa zamani anakumaliza yeye.

Unaona sasa ilivyokuwa? Adui akitupa moshi kumfungia s1mple, upande wa pili kuna b1t na electroNic. Akienda kwa hao, nyuma s1mple ameshahama. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ruhusa ya kusubiri, kwa sababu kusubiri kwake hakukuwa na maana kwamba wenzake wanakufa. Nadhani hata ule ukali wake kwa wenzake, ambao miaka ya mwanzo ulikuwa unajulikana kila mahali, ulipungua kwa sababu hiyohiyo, mtu asiyehisi kwamba kila kitu kiko mabegani mwake anaongea kwa utulivu.

Stockholm, Novemba 2021. NaVi wanabeba Major bila kupoteza ramani hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, timu ya kwanza kufanya hivyo. Fainali na G2 waliimaliza 16-11 kwenye Ancient, alafu Nuke ikaenda hadi muda wa nyongeza, 22-19. s1mple akawa mchezaji bora wa shindano, akarudi namba moja ya HLTV mwaka ule na uliofuata, 2022, mwaka ambao nchi yake ilikuwa vitani na Boombl4 akaondoka katikati. Kwahiyo wanaosema alipunguza makali ili ashinde hawajaangalia vizuri, aliua kama kawaida, ila sasa vifo vyake vilikuwa vichache na vilikuwa na bei.

Novemba 2022 Valve wakapunguza risasi za AWP kutoka 10 hadi 5. Mwaka uliofuata ikaja Counter-Strike 2, raundi za kushinda zikashuka kutoka 16 hadi 13, yaani kila raundi ya kupoteza inauma zaidi, na Oktoba 2023 s1mple akakaa pembeni.

Machi 2024 NaVi wakabeba Major ya Copenhagen bila yeye. Kocha alikuwa B1ad3 yuleyule, na kati ya wachezaji watano wa Stockholm alibaki mmoja tu, b1t.