Roboti, vumbi na kizingiti: kuandaa hoteli ya Dodoma kwa mlipuko mwingine wa ugonjwa

Mwenye hoteli akiulizia roboti ya kuwapelekea chakula wageni wa karantini huanza na bei, kisha sura yake. Mimi huanza na kizingiti. Piga magoti na tepu ya kupimia, anzia mlango wa jikoni hadi chumba cha mwisho, andika kimo cha kila kizingiti. Roboti nyingi za kubeba chakula zimetengenezwa kwa sakafu tambarare: kizingiti cha sentimita 1 zinakipanda kwa mtikisiko, cha sentimita 2 nyingi zinagoma. Kwenye hoteli zetu si ajabu kukuta cha sentimita 3 au 4 kati ya jiko na korido, cha kuzuia maji ya kudeki. Dawa yake ni mteremko wa ubao au zege, na kila sentimita 1 ya kimo ipewe angalau sentimita 12 za urefu. Ukiubana, roboti inaweza kupanda lakini supu itabaki chini.

Januari 2020, hoteli moja ya Hangzhou, China, yenye abiria zaidi ya 200 waliowekwa karantini baada ya kushuka kwenye ndege kutoka Singapore, ilitumia roboti kupeleka chakula hadi milangoni. Mei mwaka huohuo, Tokyo waliweka roboti za Pepper, zenye umbo la mtu, zipokee wagonjwa wa UVIKO-19 wenye dalili nyepesi kwenye hoteli zilizotengwa. Pepper hupendeza kwenye picha, ila kazi yenye faida ni ile ya Hangzhou. Virusi vile husambaa zaidi kwa hewa, na dakika ya hatari ni pale mgeni anapofungua mlango bila barakoa na mhudumu kasimama hatua moja mbele yake. Roboti inamwondoa mhudumu hapo tu. Anayepakia chakula na anayepokea vyombo vichafu bado wapo, na kwao ndiko mipango mingi inakoharibikia.

Ipe roboti kazi moja basi. Hoteli ya Henn na, Nagasaki, Japani, ilifunguliwa 2015 ikiwa na roboti kila kona. Kufikia 2019 ilikuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243, zikiwemo za vyumbani zilizodhani mkoromo wa mgeni ni amri.

Jengo la ghorofa mbili tatu lisilo na lifti halizuii mpango huu. Tenga ghorofa moja ya wageni wa karantini, roboti iishi hukohuko juu, na mtu apandishe chakula hadi meza iliyowekwa mwisho wa ngazi. Apakie, ashuke, ndipo roboti iondoke. Hapo juu ya ngazi ndipo penye ajali. Roboti ina vihisi vinavyotazama chini ili isianguke, lakini hutegemea mwanga unaorudi kutoka sakafuni, na taizi nyeusi humeza mwanga huo: aidha roboti inaona shimo pasipo na shimo, au unazima kihisi kwa kero na siku moja inaanguka kweli. Usikizime. Chora ukuta kwenye ramani ambayo roboti huifuata, kisha weka na kizuizi cha kushikika. Wengi hufunga cheni. Jicho la lesa, yaani kihisi ambacho roboti hutazamia njia kwa miale ya mwanga, huona kipande chembamba tu cha dunia, kwa kawaida sentimita 20 hivi kutoka sakafuni, na cheni iliyoning'inia sentimita 60 juu haipo machoni pake. Weka ubao unaoanzia sakafuni, wenye kimo cha sentimita 40.

Vioo ni vilevile. Lesa hupenya mlango wa kioo, roboti ikadhani njia ni nyeupe. Bandika utepe usiopitisha mwanga, upana wa sentimita 10, katikati yake ikiwa kwenye kimo cha lesa. Kioo cha kujitazamia kikishuka hadi sakafuni, funika sehemu ya chini kabla hujachora ramani, la sivyo utapata korido ya pili isiyokuwepo. Na dirisha la magharibi lipewe pazia, maana jua la saa kumi na moja jioni hupofusha kamera.

Sasa hesabu ya chai ya asubuhi. Korido ya mita 40, vyumba 20, roboti ya trei tatu inayotembea mita 0.6 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni dakika 2 na ushee. Kila mlango unakula dakika moja na nusu, kupakia dakika 2. Safari moja ni kama dakika 9, na safari ni 7, kwa hiyo saa nzima na dakika tatu. Mgeni wa mwisho anakula chapati ya baridi usipotumia hotipoti. Mhudumu mwenye toroli, anayeweka trei kwenye kigoda nje ya mlango, anagonga na kuondoka kabla haujafunguliwa, anamaliza mapema zaidi. Nalisema hili waziwazi: kwa vyumba vichache, kigoda kinashinda roboti. Roboti inalipa pale vyumba ni vingi, karantini ni ya wiki mbili, na wahudumu hawatoshi kugawanywa makundi yasiyokutana.

Umeme ukikatika, roboti yenyewe haizimiki, ina betri. Kinachozimika ni ruta, kifaa kinachogawa mtandao, na roboti nyingi zikikosa mtandao husimama katikati ya korido na chakula cha watu. Ruta ya volti 12 inayokula wati 12 hudumu saa nne bila shida kwenye betri ya volti 12, ampea-saa 7. Betri hiyo ni ya bei ndogo, lakini ndiyo inayosahaulika. Chaja ya roboti nayo ipite kwenye stabilaiza. Muulize muuzaji pia kama roboti inahitaji seva ya nje ya nchi ili kutembea. Akisitasita, jibu umelipata.

Kuhusu roboti za kuua vijidudu, nina mashaka. Taa za UV-C, yaani mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, za nanomita 254 zinaua virusi, lakini kwa kile kinachoonwa na taa tu: chini ya kitanda na nyuma ya kiti hapaguswi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inashuka hadi kama robo, kwa hiyo dakika 10 za mita moja ni takriban dakika 40 za mita mbili. Asiwepo mtu chumbani, kwani inaunguza macho na ngozi. Roboti za kupuliza klorini ndiyo kabisa: Shirika la Afya Duniani lilishauri Mei 2020 dawa isipulizwe ovyo ndani ya vyumba, ifutwe kwa kitambaa. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, mililita 286 ndani ya ndoo, ongeza maji mpaka lita 10, unapata asilimia 0.1. Kisha fungua madirisha. Upepo wa Dodoma haudai ankara.

Klorini hiyo isiguse roboti. Inatia kutu kwenye vyuma na ukungu kwenye lenzi. Trei zifutwe kwa spiriti ya asilimia 70, iachwe imelowa dakika moja. Jicho la lesa linataka mpangilio wake, hasa kiangazi vumbi linapopuliza kila alasiri: kwanza puliza kwa puto la mpira, ndipo ufute kwa kitambaa laini kikavu. Ukianza na kitambaa, mchanga unakwangua lenzi. Dalili ya lenzi chafu ni roboti kusimama mbele ya kitu kisichokuwepo, au kufika mlango wa chumba cha jirani.

Vyombo vichafu visirudi kwenye trei iliyopeleka chakula. Mgeni avifunge kwenye mfuko, roboti ivikusanye kwa safari tofauti baada ya mlo, ifutwe, ndipo ipakiwe tena. Bakuli la mlenda nalo lijazwe theluthi mbili na lifunikwe. Ukimwagika mlenda kwenye korido, magurudumu yanateleza, roboti inahesabu mizunguko ambayo haikutembea, na kuanzia hapo haijui iko wapi mpaka mtu apande juu kuirudisha kwenye chaja, akiwa amevaa barakoa.