Homa Ina Siku Ngapi? Swali la Maabara Lisilopaswa Kujibiwa kwa Kubahatisha

Mvua za masika zikishapita, malalamiko mawili huongezeka katika dirisha letu la majibu hapa maabara. Mmoja amepima dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, mahali akaambiwa hana, kesho yake amepima kwingine akaambiwa anayo, anataka kujua nani mwongo. Mwingine ameleta choo kikakataliwa, na nauli ameshalipa. Wote wawili tunawaelewa, ila chanzo cha shida zao mara nyingi ni kimoja, nacho ni muda.

Virusi vya dengi hupatikana kwa wingi kwenye damu katika siku tano hivi za mwanzo za homa. Siku hizo tunatafuta protini ya kirusi iitwayo NS1, au vinasaba vyake kwa PCR, kipimo kinachonakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane. Baadaye virusi hupungua, na mwili unakuwa umetengeneza kingamwili (askari wa mwili dhidi ya kirusi) za IgM, ambazo ndizo tunazopima. Anayepimwa IgM peke yake siku ya pili anaweza kupewa jibu hasi huku anaumwa kweli. Kwa hiyo maabara mbili zinaweza kutofautiana na pasiwe na mwongo. Taja siku homa ilipoanza, si siku ulipoamua kuja hospitali. Kama umechanjwa homa ya manjano karibuni, sema pia, maana kingamwili zake zinaweza kuchanganya majibu.

Kipimo cha malaria kikitoka hasi, rudi kwa daktari. Usipite duka la dawa kununua dawa mseto ya malaria "kwa usalama". Hili lilisemwa Dar es Salaam katika mlipuko wa dengi wa 2014, likarudiwa 2019, na bado wagonjwa wanakuja wameshameza dozi nzima. Wengine wamechomwa diklofenaki au wamemeza aspirini, dawa za maumivu zinazoongeza hatari ya kuvuja damu kwa mwenye dengi. Tena homa kushuka si ruhusa ya kurudi kazini, kwani hapo ndipo wachache huanza kuumwa tumbo sana, kutapika mfululizo au kutoka damu kwenye fizi. Dalili hizo hazisubiri majibu ya maabara.

Sasa choo. Kasha la kiberiti si chombo cha sampuli. Karatasi yake hufyonza unyevu, na amiba hai hufa ikikauka. Chukua kopo la maabara lenye mfuniko, weka kiasi cha ncha ya kijiko, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Andika majina kamili, umri, tarehe na saa. Kopo lisilo na jina halipokelewi, na mhudumu haruhusiwi kulikisia. Choo cha majimaji kifike ndani ya nusu saa, la sivyo hatutaiona amiba ikitembea chini ya hadubini. Hata sisi tunakimbizana na saa: katika Kato-Katz, kipimo cha kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo, gliserini hufanya choo kilichopakwa kwenye kioo kipitishe mwanga mpaka mayai ya minyoo ya safura hayaonekani tena, hivyo kioo husomwa ndani ya saa moja.

Jibu hasi la sampuli moja halithibitishi kwamba huna minyoo wala giardia (kimelea kidogo cha utumbo), maana havitoki kwa kiwango kilekile kila siku. Ndiyo sababu tunaomba sampuli tatu za siku tofauti. Aliyemeza dawa ya minyoo jana atuambie kabla hatujapima.

Mwisho, pimeni kwenye maabara iliyosajiliwa. Cheti chake kinapaswa kuonekana ukutani, na una haki ya kukiulizia. Tanzania ina sheria ya kusimamia maabara binafsi za afya tangu 1997. Kuendesha maabara hizo bila usajili ni kosa, hata kama mwenyewe ni mtaalamu mwenye cheti cha chuo. Sampuli yako ikikataliwa, omba sababu iandikwe kwenye fomu na upewe kopo jingine kabla hujaondoka dirishani.