Kijana akiumia uti wa mgongo: tunayoambiwa na watu na ukweli wenyewe

Naandika hii kwa ajili ya familia ambazo kijana wao ametoka hospitali juzijuzi, ameumia uti wa mgongo, hatembei, na nyumba imejaa watu wa kutoa pole. Mimi ni dada, tunamuuguza mdogo wetu nyumbani kwa zamu, mama, mimi na baba mdogo, na nilichokiona ni kwamba kila anayekuja na pole anakuja na ushauri pia, kwa upendo kabisa, lakini ushauri mwingine unaua. Sitii chumvi. Vijana hawa wengi wakishatoka salama hospitali hawafi kwa sababu mgongo ulivunjika, wanakufa baadae nyumbani kwa vidonda vya kulalia, figo na maambukizi ya mkojo, vitu ambavyo familia ikielewa inaweza kuvizuia kwa sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema aliyeumia uti wa mgongo ana uwezekano wa kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko mtu mwingine, na kwenye nchi zenye kipato kama chetu hali ni mbaya zaidi.

"Wameshamuwekea vyuma, sasa ni mazoezi tu atembee"

Hii ndo ya kwanza na ndo inayoumiza zaidi. Vyuma vina kazi ya kushika pingili zilizovunjika zisicheze, na kwenye operesheni hiyohiyo daktari anaondoa kipande cha mfupa kilichokandamiza uti. Basi. Mishipa ya fahamu haiungwi na vyuma. Mpaka leo hakuna operesheni, sindano wala dawa, ya hospitali au ya mizizi, iliyothibitishwa kuunga uti wa mgongo ukishaharibika, na hapo naweka pamoja na zile sindano za seli shina ambazo watu wanauza kiwanja wakachomwe nje ya nchi. Tafiti zinaendelea, hilo ni kweli, lakini anayekuuzia leo kwa uhakika wa kupona anakuibia.

Je, kuna wanaopata nafuu? Wapo, na sio wachache. Inategemea uti umeharibika wote au sehemu tu, ndo maana daktari anapima kwa kugusa na kuchoma kidogokidogo kuanzia shingoni mpaka sehemu ya haja kubwa. Ndugu wengine wanaona kile kipimo cha mwisho kama kumdhalilisha kijana, kumbe ndo chenye jibu, maana kama pale chini kabisa bado ana hisia hata kidogo au anaweza kubana mwenyewe, mawasiliano hayajakatika yote na matumaini yanakuwa makubwa zaidi. Nafuu kubwa inakuja miezi 6 ya mwanzo mpaka kama mwaka hivi, baada ya hapo inaenda polepole sana. Kwahiyo msitoke hospitali kabla hamjauliza maswali mawili: jeraha ni kamili au sio kamili, na liko pingili ya ngapi. Likiwa shingoni linagusa mikono na miguu, likiwa shingoni juu kabisa hata kupumua kunasumbua, likiwa kifuani kushuka chini mikono inabaki mizima, na mikono mizima ni maisha mengine kabisa.

"Mguu umeruka wenyewe, anapona huyo!"

Nyumba nzima inashangilia, mama anapiga magoti kushukuru, na mimi sitaki kumnyima mtu shukrani yake. Lakini ukweli ni kwamba wiki za mwanzo miguu inalegea kabisa kama haipo, alafu baada ya wiki kadhaa inaanza kustuka, kukunjana, kutetemeka, na hiyo ni sehemu ya uti iliyo chini ya jeraha inajiendesha yenyewe bila amri ya ubongo. Kutofautisha ni rahisi, mwambie asogeze kidole gumba cha mguu, asubiri, arudie. Akisogeza kila anapoambiwa, mpigieni daktari siku hiyohiyo, hiyo ni habari kubwa. Mguu ukiruka muda wowote unaotaka wenyewe, ni mistuko tu. Na kama mistuko imezidi ghafla kuliko kawaida yake, mara nyingi mwili unalalamika kitu asichokisikia, kibofu kimejaa, kuna kidonda, au kuna maambukizi, tafuteni.

"Muacheni alale, mgonjwa anatakiwa apumzike"

Jamani hapa nakaa kidogo. Mtu asiye na jeraha akilala anajigeuza usiku mzima bila kujua, kwa sababu nyama ikikandamizwa inauma. Huyu hasikii maumivu, kwahiyo hajigeuzi, damu haipiti, na nyama inakufa kuanzia ndani karibu na mfupa wakati juu unaona kaalama tu. Ndo maana anageuzwa kila baada ya masaa 2, mchana na usiku, upande huu, upande ule, mito katikati ya magoti, visigino vining'inie visiguse godoro. Akikaa kwenye kiti ajinyanyue au ainamishwe pembeni kila baada ya dakika 15 mpaka 30. Ndio inachosha, ndo maana nikasema kwa zamu, na baadae ngozi ikizoea, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) anaweza kuwaruhusu muongeze masaa polepole, lakini sio kujiamulia.

Halafu ngozi inakaguliwa asubuhi na jioni, makalio, juu kidogo ya makalio, nyonga, visigino, vifundo. Vitabu vinasema tafuta wekundu, sasa kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huuoni vizuri, kwahiyo tumia mkono, papasa, tafuta pamoto kuliko pengine, pagumu au palipokuwa peusi zaidi. Ukipaona, asilalie hapo tena mpaka parudi kawaida. Usipasugue wala kupamasaji, watu wanapenda sana kupasugua na mafuta eti damu itembee, nyama iliyokwisha kuumia ukiisugua unaichana zaidi. Na tyubu ya gari ya kukalia, ile wanayoshauri karibu mitaa yote, iacheni, duara lake linabana damu pembeni na katikati panavimba. Mto mzuri wa sponji nzito au jeli ndo unaotakiwa, na kiti mwendo chenye saizi yake, sio kile kipana cha kusukumia wagonjwa wodini. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, kwahiyo fundi anayejua kupima mtu na kiti hapa nchini yupo, ulizieni.

Kidonda kikishatoka, hakuna dawa ya kupaka itakayokiponya kama bado anakilalia. Kuondoa uzito ndo dawa ya kwanza, usafi wa pili, na chakula, mayai, maharage, dagaa, maziwa. Kikifika mfupa hiyo ni operesheni.

Kugeuza watu sio jambo la hospitali za kitajiri tu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hata Ulaya vijana hawa walikuwa wanaachwa wafe, wengi ndani ya miaka michache, kwa vidonda na mkojo hivihivi. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua wodi ya uti wa mgongo Stoke Mandeville kule Uingereza, na silaha yake kubwa ilikuwa wagonjwa wageuzwe kila masaa 2 na kibofu kiangaliwe vizuri. Vifo vikapungua sana. Mwaka 1948 akawaanzishia mashindano pale hospitali, na hayo ndo yaliyozaa Paralimpiki, ya kwanza ikafanyika Roma 1960. Masaa 2 yale hayahitaji mashine, yanahitaji watu.

"Apunguze maji, mkojo ni usumbufu"

Ni kinyume chake. Mkojo mzito unaleta mawe na maambukizi, kwahiyo anywe kama lita 2 kwa siku, agawanye. Tatizo sio kunywa, tatizo ni kibofu kisichojua kujimwaga. Na mkojo kujitokea wenyewe kwenye pampasi sio dalili kwamba kibofu kinafanya kazi, mara nyingi kimejaa kinafurika, na presha ya ndani inarudisha mkojo kwenye figo. Njia nzuri kwa wengi ni kuingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni, kutoa mkojo na kuuchomoa, kila masaa 4 mpaka 6, kisizidi nusu lita kwa mara moja. Watu wanaogopa wakidhani lazima chumba kiwe kama cha operesheni, hapana, tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba nyumbani usafi wa kawaida unatosha, mikono iliyonawa vizuri kwa sabuni na mpira safi. Kama ana mpira wa kukaa na mfuko, mfuko uwe chini ya kibofu siku zote hata anapobebwa, usijikunje, na ubadilishwe kwa tarehe mliyopewa.

Na hili la "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, sio uti wa mgongo. Mwenye mpira akipimwa mkojo karibu kila mara watakuta bakteria, haina maana anaumwa. Akimeza antibiotiki kila mkojo unaponuka, siku ya ugonjwa wa kweli dawa hazitafanya kazi. Dalili ni homa, kutetemeka, kujisikia mgonjwa, mistuko kuzidi, mkojo kuanza kuvuja wakati ulikuwa hauvuji. Hapo ndo hospitali.

"Presha imepanda, mlazeni"

Hii kila mwenye mgonjwa aliyeumia shingo au kifua cha juu, kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, aikariri. Ghafla kichwa kinagonga vibaya, uso unatoka jasho, vinyweleo vinasimama, namba ya juu ya presha iko 160 wakati kawaida yake ni 100 au chini. Majirani watasema malaria, wengine watasema kapandisha mashetani. Sivyo. Kuna kitu chini ya jeraha kinamuumiza, hakisikii, na mwili unapandisha presha mpaka mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. MSIMLAZE. Mkalisheni wima, miguu ishuke, legezeni mkanda na nguo, alafu angalieni mpira wa mkojo kama umejikunja au kuziba, kisha choo, kisha kidonda, kucha, kiatu kinachobana. Mara nyingi ni mkojo, ukitoka presha inashuka. Isiposhuka kimbieni hospitali, na mkifika mseme wazi kwamba ameumia uti wa mgongo na presha yake ya kawaida ni ya chini, maana nesi wa zamu anaweza asijue.

Kukanda kwa maji ya moto nako nakataza kabisa. Shangazi anakuja na sufuria la majani anataka kuamsha mishipa, kijana hasikii, anaungua mpaka malengelenge na wanajua kesho yake. Sahani ya ugali wa moto mapajani hivyohivyo, na jiko la mkaa karibu na miguu wakati wa baridi.

Choo: wengine wanampunguzia chakula ili asichafue, matokeo yake anakonda na vidonda vinamvamia. Choo kinafundishwa saa. Chagueni muda mmoja, nusu saa baada ya kula, kila siku au siku moja moja, glavu na mafuta ya kulainisha, kidole kinazungushwa taratibu kuamsha utumbo. Baada ya wiki kadhaa mwili unazoea na ajali zinapungua sana.

Na wanaochua, tafadhali, kwa aliyeumia shingo msinyooshe vidole vyake huku kiganja kimeinuliwa. Kuna kijana ambaye vidole havina nguvu ila anaweza kuinua kiganja, na akikiinua vidole vinajikunja vyenyewe, ndo anavyoshika kikombe. Mkivilegeza mmemnyang'anya mkono.

"Hakuanguka, hakugongwa, basi karogwa"

Sio kila uti unaharibika kwa bodaboda au kudondoka kwenye mwembe. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye pingili. Mgongo unauma wiki nyingi, joto la usiku, kukonda, wakati mwingine mgongo unatoa nundu, alafu miguu inaanza kuishiwa nguvu. Dawa zake zinatolewa bure na akiwahi anaweza kutembea tena. Ukimzungusha kwa waganga miezi mitatu ndo unaukata uti mwenyewe.

"Ndoa na watoto ndo basi tena"

Hili kijana hasemi mbele ya mama, na mama hawezi kuuliza, ndo maana nalisema hapa. Wengi wanabaki na uwezo fulani wa kusimamisha, dawa za nguvu za kiume zinawasaidia wengi lakini kwa kuandikiwa na daktari kwa sababu ya presha. Kumwaga ndo kunakuwa shida kwa walio wengi, ila mbegu bado zinatengenezwa na kuna njia za hospitali za kuzitoa, na wapo baba wa watoto wanaokaa kwenye viti mwendo. Baba mdogo au kaka amuulize kiume, kwa faragha. Na asipotaka kula, anageukia ukuta, hataki wageni, msimwambie hana shukrani, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na una tiba.

"Mama yupo, atamhudumia"

Mama mgongo wake nao ni mgongo. Kumuinua mwanaume mzima kitandani kila siku peke yake, mwaka wa pili mtakuwa na wagonjwa wawili. Tumieni shuka kumvuta, ubao laini wa kuhamia toka kitandani kwenda kwenye kiti, na mtu wa pili. Zaidi ya yote asifanyiwe anachoweza kufanya. Mwenye mikono mizima anaweza kujitoa mkojo mwenyewe, kujikagua makalio kwa kioo, kuhamia kwenye kiti, kuvaa, kupika, kukaa dukani, na faragha yake ikirudi na yeye anarudi. Kwahiyo kabla ya kuruhusiwa ombeni wauguzi na fizio wawafundishe watu wasiopungua wawili kugeuza, mpira na choo, kila mmoja afanye kwa mkono wake mbele yao, na kijana mwenyewe awe wa kwanza kufundishwa, kwa sababu hata asiyeweza kusogeza mkono anaweza kumwelekeza mtu mgeni hatua kwa hatua amhudumie vipi siku nyie hampo.