Kwa nini ndani ya ORS kuna sukari

Shangazi alinipigia simu saa tano usiku. Nikamwamkia, akaitikia marahaba juu juu, akaingia kwenye shida yake. Mjukuu wake wa miaka miwili anaharisha tangu asubuhi. Kituo cha afya wamempa pakiti za ORS, ule unga wa kukoroga kwenye maji anywe anayeharisha, na vidonge vya zinki, naye amesoma nyuma ya pakiti akakuta sukari. "Mwanangu, mtoto anaharisha halafu nimpe sukari? Si nitakuwa namwongezea?"

Nikamwambia ampe kwanza, maelezo kesho. Kusema kweli, swali lake lilizidi mengi ninayoulizwa darasani, ninakofundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi. Ukilifuata vizuri, linakupitisha njia nzima ya chakula.

Anza na tonge la ugali mtupu. Kila mwaka naingia darasani na kiporo kwenye hotpoti, wanacheka, halafu nawaambia watafune bila mboga na wasimeze kwa dakika mbili. Utamu unakuja kwa mbali. Sukari hatukutia. Wanga wa ugali ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoshikana, na kwenye mate kuna kimeng'enya kiitwacho amilesi kinachoukata vipande vifupi, vikiwemo vya maltosi, sukari ya glukosi mbili mbili. Nyumbani huusikii utamu huo kwa sababu tonge likishachovywa kwenye mlenda halikai kinywani hata sekunde kumi.

Tumbo lenyewe, ule mfuko, tunalipa sifa nyingi kuliko linavyostahili. Linakanda chakula mpaka kinakuwa uji, tindikali yake inaua vijidudu vingi, na pepsini inaanza kuzikata protini za maharage. Haya tulianza kuyaona kwa macho baada ya mwaka 1822, pale Alexis St. Martin alipopigwa risasi kwa bahati mbaya katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Kidonda kilipona lakini kikaacha tundu la kuingia moja kwa moja tumboni. Daktari wake, William Beaumont, alikuwa anafunga vipande vya nyama kwa uzi wa hariri, anavitumbukiza tunduni, kisha anavivuta kuona vimefikia wapi. (Leo kamati ya maadili ingemfukuza mlangoni.) Akachota pia ule umajimaji wa tumbo akauweka kwenye chupa yenye joto, na nyama ikayeyuka humo humo chupani. Ikathibitika kwamba si kusaga tu, kuna kemia. Lakini kufyonza, tumbo linafyonza kidogo sana: pombe kiasi, aspirini, basi. Tena amilesi ya mate ikikutana na ile tindikali inaharibika, kwa hiyo wanga uliobaki unasubiri.

Unasubiri utumbo mwembamba. Uji ukitoka tumboni unapokewa na maji ya kongosho, yenye bikaboneti, kitu cha ukoo mmoja na magadi ya kulainishia maharage, inayoua ukali wa tindikali. Kongosho inaleta amilesi mpya na vimeng'enya vya protini na mafuta. Nyongo nayo inayavunja mafuta kuwa matone madogo madogo, kama sabuni kwenye sufuria ya pilau.

Hata hapo chakula bado kiko nje ya mwili. Kiko ndani ya bomba, na kuingia mwilini ni kuuvuka ukuta wa bomba hilo. Ukuta wa utumbo mwembamba umekunjwakunjwa na kuota vijidole visivyozidi milimita moja, ambavyo seli zake nazo zina vijidole vidogo zaidi. Ukiutandaza unapata kama mita za mraba 30, sakafu ya chumba cha mita 5 kwa 6. Vitabu vya zamani vilisema uwanja wa tenisi, vilitia chumvi.

Kwenye ukuta huo maltosi inakatwa mara ya mwisho, inabaki glukosi moja moja, na hapa ndipo jibu la shangazi lilipo. Mlango mkuu wa glukosi, ambao wataalamu wanauita SGLT1, ni kama mtumbwi wenye viti vitatu: glukosi moja, sodiamu mbili, ile iliyomo kwenye chumvi. Glukosi ikiwa peke yake mtumbwi hauondoki. Abiria hao wakishavuka, maji yanafuata nyuma yao. Robert Crane alilieleza hili mwaka 1960 kule Prague.

Na maji yenyewe ni mengi. Kila siku utumbo mwembamba wa mtu mzima unapokea kama lita 9. Lita 2 hivi umekunywa. Zilizobaki umezimwaga mwenyewe kama mate, nyongo na maji ya tumbo, kongosho na utumbo. Karibu zote zinarudishwa mwilini, na chooni zinaishia mililita 100 au 200. Sumu ya kipindupindu inaufanya utumbo umwage maji na chumvi bila kukoma, lakini ule mtumbwi wa glukosi haiugusi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilipokuwa zinakwisha, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi wanywe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti ya leo ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitireti, kwa lita moja ya maji safi. Vipimo hivi si vya mapambo. Sukari ikizidi, kama kwenye soda, inabaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kutoka mwilini, na hapo hofu ya shangazi inakuwa kweli.

Nilimpigia asubuhi nimweleze haya yote. Nilipofika kwenye lita moja nikamuuliza yeye kachanganyia kwenye nini. Kimya kidogo.

"Kile kikombe changu kikubwa cha chai."

"Shangazi, pakiti nzima?"

"Nzima. Ndiyo maana anakunja uso."

Tukaanza upya simu ikiwa sikioni: chupa mbili za maji za nusu lita kwenye jagi, pakiti moja yote, koroga, mpe kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, na akitapika subiri dakika kumi uendelee polepole. Kitakachobaki kesho asubuhi mwaga. Akilegea, akashindwa kunywa, au ukiona damu, rudi kituoni usingoje.

Saa nane mchana ukaja ujumbe: "Amekojoa. Ameniharibia khanga."